Mwaka wa Watu wa Mawe

Kinoti hajawahi kujua kuzunguka maneno. Alinipigia simu nikiwa ofisini shuleni, mbele yangu amesimama mvulana wa kidato cha pili aliyeruka ua kwenda kununua mandazi, akasema bila hata salamu, "Kagendo, Njeru ametuacha. Ni ini. Wanamzika Alhamisi, kwao Embu." Nikasema pole, kana kwamba yeye ndiye mfiwa na mimi ni mtu baki tu. Nikamwuliza atasafiri na nini, akasema kuna gari la kanisa. Tulikuwa watu wazima wawili wenye mvi, kila mmoja akijua anachokumbuka mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja. Nilipoweka simu chini yule mvulana bado alikuwa pale, mikono nyuma. "Uliruka ua?" "Ndiyo, mwalimu." "Kwa nini?" "Njaa." Nikamwambia arudi darasani. Hakusogea. Miaka yote niliyokuwa naibu wa mkuu wa shule hii hakuna mwanafunzi aliyetoka mlango huo bila adhabu, na sifa hiyo imefika mpaka shule za jirani, kwa hivyo mtoto wa watu alidhani ni mtego. "Toka bwana, kabla sijabadilisha nia!" nikamfokea, akachomoka mbio. Nikafunga mlango, nikakaa, nikalia kama mtoto.

Mwaka huo tuliokuwa tunaukumbuka nilikuwa bado msichana, nafundisha kwa mkataba wa muhula hadi muhula katika shule moja ya kutwa mjini Meru, upande wa Kinoru, sijui muhula ujao nitaitwa au nitaachwa. Kinoti alikuwa fundi wa redio pale Makutano. Njeru, Muembu mrefu mwenye kucheka na kila mtu, alikuwa anapiga randa kwa fundi seremala jirani na Kinoti, lakini useremala haukuwa shabaha yake. Shabaha yake ilikuwa kuwa askari wa msitu. Alizaliwa karibu na msitu, alijua miti kwa majina na nyuki kwa hasira zao, na kazi hiyo aliitaka kama vile wengine wetu tulivyotaka kuoa na kuolewa. Tulikutana kwa sababu ya tumbo. Sisi watatu tulikuwa tunakula hoteli ya Mama Nkatha, nyuma ya stendi ya malori, na kwa kuwa tulikuwa wateja wa kila siku, Jumapili baada ya kanisa alikuwa anatuachia chumba cha nyuma.

Chumba hicho nakiona hata nikifumba macho. Magunia ya mahindi upande mmoja, madebe ya maji upande mwingine, meza yenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kipande cha tofali, na harufu ya maharagwe na vitunguu iliyoshika mpaka kwenye nguo ya kanisani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Mama Nkatha alituletea mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, uliobaki mchana, akautia moto upya kwenye sufuria mpaka ukashika ukoko chini, na ukoko huo tuliugombania. Chai alileta kwenye birika nyeusi. Tulilipa tulichonacho, na tusipokuwa na kitu hakuuliza.

Tulichokuwa tukifanya humo ndani, nikiwaeleza walimu wenzangu leo, watacheka. Kinoti alikuwa amenunua kitabu pale stendi, kwenye rundo la mitumba, kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kimejaa picha za watu wenye masikio marefu na wengine wenye pembe. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anajitungia mhusika, halafu mnasafiri kwa maneno matupu katika nchi isiyokuwepo, na dadu inaamua kama umevuka mto au umezama. Dadu tulitoa kwenye ludo. Jambo lililotuteka lilikuwa ukurasa mmoja uliosema kwamba kila taifa katika nchi hizo, na kila mtu, ana mahali pake kuhusu sheria na kuhusu wema. Kinoti akachora visanduku tisa nyuma ya ile kalenda ya ng'ombe, akaitundika imegeuzwa. Kushoto sheria, kulia vurugu, katikati wasiojali. Juu wema, chini uovu. Ukitunga taifa lazima uliweke kisanduku chake, na ukishaliweka, ulicheze hivyo mpaka mwisho.

Mimi nilitunga Watu wa Mawe. Waliishi katika mji mlimani, sheria zao zimechongwa kwenye mawe makubwa ya langoni, na mbele ya mawe hayo tajiri na maskini walikuwa sawa. Hakuna kuomba, hakuna kupunguziwa, hakuna "huyu ni wetu." Nilikuwa nimechoshwa na nchi ambayo kila kitu ni kujuana, hata mkataba wangu wa muhula ulitegemea nani anamjua nani. Nikawapenda Watu wa Mawe kwelikweli. Mhusika wangu alikuwa Hakimu wa Lango. Njeru alitunga Watu wa Njuki, ndiyo nyuki kwa lugha ya kwao, warina asali wa msituni wasio na sheria hata moja, wala hakimu, wala jela. Mtu akikosea alikuwa anaona haya, basi, na wenzake wanamngoja mpaka haya zimwishe. "Hao wataisha mwezi mmoja," nilimwambia. Akacheka. "Nyuki wana hakimu gani, mwalimu? Na bado asali iko."

Mama Nkatha alikuwa anasikiliza akimenya viazi mlangoni. Alikuwa na maswali ambayo kitabu hakikuwa nayo. "Hao watu wenu, ni nani huwapikia?" aliuliza siku moja. Siku nyingine: "Mtu akikosea huko, anaenda kwa mzee gani?" Kinoti akamweleza kwamba Watu wa Mawe hawana mzee, wana jiwe. "Haiya! Jiwe linajua huyu ana watoto?" Akataka kujua yeye mwenyewe tungemweka kisanduku gani. Tulibishana sana, kwa sababu leseni hakuwa nayo, na askari wa baraza la mji wakija alitokea mlango wa nyuma na sufuria kichwani, lakini hakuwahi kumfukuza mtu mwenye njaa. Tukamwandika juu kulia, wema na vurugu. Akafurahi mno. Na mzee mmoja wa kanisa alipochungulia akaona picha za mapembe, akaanza kukemea ati tunaita mashetani, Mama Nkatha ndiye aliyemjibu: "Mzee, shetani atakuja kufanya nini na watu hawana hata nauli? Kunywa chai yako."

Katikati ya mwaka Kinoti alileta kesi. Walinzi wa mji wa Mawe wamemkamata mrina asali akitoka na sega la asali kutoka mzinga wa mji. Mrina huyo alikuwa mhusika wa Njeru. Njeru akajitetea vizuri, akasema nje ya ukuta kuna mtoto mgonjwa. Nikamwuliza, kwa ile sauti niliyomtungia hakimu, pole na kavu, "Sega lilitoka nje ya lango, au halikutoka?" Akasema lilitoka. Nikahukumu akatwe mkono. Kinoti akapiga meza, "Hapo umecheza! Huyo ndiye Mtu wa Mawe kamili," akanipa alama nyingi kuliko nilizowahi kupata. Nilifurahi, nisidanganye. Njeru naye hakununa. Tangu siku hiyo kila alipomcheza yule mrina alikuwa anauvuta mkono wake wa kulia ndani ya sweta, mkono wa sweta unaning'inia mtupu, anakula mukimo kwa kushoto, na sisi tunacheka mpaka Mama Nkatha anatugongea ukuta.

Siku chache baadaye walikuja kuandikisha vijana wa ulinzi wa msitu pale uwanja wa Kinoru. Nilienda kumtazama. Alikimbia bila viatu, kwa sababu viatu alivyoazima vilimbana, na akamaliza mbele ya wavulana waliokuwa na makocha. Wakampima kifua, wakampima meno, wakamwambia amepita. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: cheti cha tabia njema kutoka polisi, kwamba hana kesi yoyote. "Hiyo si kitu," aliniambia, jasho likimtiririka, "mimi sijawahi hata kuiba chaki." Tulinunua miwa tukatembea mpaka Makutano tukitafuna. Sitakwambia kwamba tulikuwa wachumba. Hatukuwa. Lakini njia ilikuwa ndefu na hakuna aliyetaka ifupike.

Basi Kinoti akasema sheria zangu za mawe ni za kizungu mno, nahitaji kusikia za wazee, na kwamba babu yake kule Githongo anazijua zote. Babu walimwita juju, kama Wameru wanavyowaita, jina lake Mzee M'Ikiara. Tukaenda Jumapili. Mimi ndiyo nilikuwa nimetoka kumaliza dawa za taifodi, tumbo lilikuwa linakataa kila kitu, lakini kukosa safari hiyo sikutaka. Tulimkuta mzee jikoni, kwenye moshi, anagombana na redio iliyonyamaza na anatafuna nduma kwa meno machache yaliyobaki. Hakuwa na upole wa wazee wa hadithini. Alituuliza tunataka nini, tukamwambia sheria, akasema, "Sheria za nini? Mko na kesi?" Kinoti akaishika redio aifungue, ndipo mzee akatulia akaanza kusema. Alisema mengi ya mipaka na ya mifugo. Nililolikumbuka ni moja. "Mtu anapita na njaa, aingie shambani, ale ndizi. Maganda aweke pale chini ya mgomba, mwenyewe akikuja aone, ajue ni njaa ilipita, si mwizi. Lakini akitoka na moja mkononi, huyo ni mwizi." Njeru akasema kwao Embu ni hivyo hivyo. Mimi nikauliza, "Hata moja, juju?" "Hata moja." Nikafurahi, sheria safi, ya kuchongwa langoni. "Na mkisikia mtu amebeba, mnafanyaje?" nikamwuliza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo inategemea nimemuuliza namna gani." Nilidhani anakwepa swali. Nilishika sheria nikaiacha namna ya kuuliza, na leo nikikaa na kamati ya nidhamu, nikiwatazama walimu vijana wanavyomkazia mtoto maswali, hilo ndilo linalonijia, lakini sijawahi kulisema mbele yao.

Tulimwacha Kinoti na redio, mimi na Njeru tukashika njia ya kurudi barabara ya lami. Ni mteremko mrefu katikati ya kahawa. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kwa mzee nilikunywa chai tu, nduma ilinishinda. Mbele kidogo miguu ikaanza kutetemeka, macho yakaingia giza, nikakaa kwenye daraja dogo la mfereji nikamwambia Njeru aende, nitamfuata. "Utanifuata na nini? Ngoja hapa." Kando ya barabara palikuwa na shamba, na kwenye kona yake mgomba wenye ndizi zilizoiva juu kwa juu mpaka ndege walishaanza kuzidonoa. Akaingia. Nilimwona katikati ya majani akila moja, kisha akainama akaliweka ganda chini ya mgomba taratibu, kama mwanafunzi anayefanya zoezi alilofundishwa asubuhi. Halafu akatoka na tatu mkononi. "Njeru, umebeba," nikamwambia. "Wewe huwezi fika kwa mgomba, mwalimu. Nimekuletea mgomba." Nikala. Nakumbuka utamu wake kwenye ulimi uliokuwa mchungu wa dawa, na nguvu ikirudi magotini. Ya pili ilikuwa mdomoni wakati mwenye shamba alipotokea na wafanyakazi wake wawili wenye panga.

Mwenye shamba, Bwana Mugambi, hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo linaniumiza, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumchukia ningepumzika. Msimu ule alikuwa ameibiwa kahawa usiku mpaka matawi yakavunjwa, na hakuna aliyeshikwa. Sasa amepata mwizi mchana, mwenye mikono na miguu. Alitaka polisi hapo hapo. Watu waliokuwa wakitoka kanisani wakamsihi, wakasema jambo la ndizi ni la nyumbani, lipelekwe kwanza kwa Mzee M'Ikiara. Ndivyo tulivyorudishwa ule mlima, mimi nimeshikwa mkono na akina mama wawili wenye vitambaa vyeupe vya kanisa, Njeru mbele kati ya zile panga, mpaka ule ule uwanja tuliotoka. Mzee akatoka jikoni. Alitutazama, akamtazama Mugambi, akasikiliza malalamiko yote bila kukatiza. Kisha akanigeukia mimi.

"Msichana," akasema, "wewe ni mwalimu, watu wote hapa watakuamini. Nyinyi mlikula huko ndani ya shamba, kando ya mgomba. Si ndiyo?"

Hakuwa anauliza. Jibu alikuwa ameshaniwekea mkononi, kazi yangu ilikuwa kulifumbata tu. Kila mtu katika uwanja ule alielewa; hata Mugambi, nadhani, alikuwa tayari kuguna kidogo, kutukana kidogo na kwenda kunywa chai. Akina mama wananisubiri. Kinoti amesimama mlango wa jikoni na bisibisi mkononi, ananiashiria kwa kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo. Na mimi nikasikia ile sauti, pole na kavu, ikitoka kinywani mwangu. "Hapana, juju. Yeye alikula ndani. Mimi nimekula barabarani, zile alizonibebea."

Nimejaribu kujitetea kwa miaka mingi na kila utetezi una ukweli ndani yake. Nilikuwa mgonjwa. Nilifundishwa sema kweli, shetani aaibike. Niliamini watu wakiusikia ukweli wote, kwamba alibeba kwa ajili ya mtu asiyeweza kutembea, wataona huruma wenyewe. Niliona kusema nusu ni kumdharau Njeru. Yote hayo ni kweli. Lakini kulikuwa na kingine, na huwa kinaniamsha alfajiri: nilitaka nionekane. Mwaka mzima nilikuwa nimepongezwa mezani kwa kuwa mtu asiyepinda, na hapa palikuwa na uwanja mzima wa kunitazama nisivyopinda. Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilijisikia mrefu.

"Mmesikia?" Mugambi akapaza sauti. "Mwalimu mwenyewe amesema. Amebeba!" Mzee M'Ikiara alifumba macho. "Basi mimi nimemaliza," akasema, akaingia jikoni, akafunga mlango. Mfanyakazi mmoja akaninyooshea kidole: "Na huyu? Si ndiye amekula?" Mugambi akatikisa kichwa. "Huyu ni mkweli. Muache aende." Nikaachwa. Mimi niliyekula. Ile ndizi ya pili bado nilikuwa nayo nusu, nimeifinya mpaka imetoka katikati ya vidole. Walipompandisha Njeru kwenye pikapu alinitafuta kwa macho, akaona ninavyolia, akauvuta mkono wake wa kulia ndani ya sweta, mkono wa sweta ukaning'inia mtupu, akanitolea ulimi kidogo. Alikuwa ananichekesha mimi.

Mahakamani alikubali kosa. Wengi walishangaa, kwa sababu angekataa kesi ingekufa yenyewe. Nilimwuliza kwa nini, tukiwa nje ya ofisi ya chifu ambako walimpa kifungo cha nje cha kufyeka nyasi. Hakuacha kufyeka. "Ningekataa, wangekuita wewe uwe shahidi," akasema. "Na wewe ungekuja." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Cheti cha tabia njema kilipotoka, kesi ilikuwa imeandikwa pale, na wenzake wa uwanja wa Kinoru wakaenda mafunzoni bila yeye.

Mimi nilipata sifa. Habari ilishuka mlima kabla yangu. Mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya wanafunzi akasema huyu ndiye mwalimu asiyedanganya hata kwa rafiki. Wakapiga makofi. Ikatokea kwamba Bwana Mugambi alikuwa kwenye bodi ya shule yetu, jambo ambalo sikulijua, na mwisho wa mwaka ni yeye aliyenisemea nipewe kazi ya kudumu. Nilichoka sana na mihula isiyojulikana. Nilisema asante. Kila kitu nilichonacho leo, nyumba, gari, ofisi yenye jina langu mlangoni, kilianzia pale, na sijui mtu anarudishaje kitu cha namna hiyo, na anakirudisha kwa nani.

Njeru alikuja chumba cha nyuma mara moja tu kabla ya kurudi kwao. Tukakaa mezani kama zamani. Kinoti, ambaye tangu siku ile alikuwa hawezi kuniangalia usoni, akauliza kwa mazoea, "Haya, mrina asali anafanya nini?" Njeru akasema, "Anarudi kwa Watu wa Njuki. Na yule hakimu akipotea njia siku moja, akifika kwao, wampe asali." Kinoti akauliza, "Bila kumuuliza kitu?" "Bila." Akamaliza chapati yake, akamshukuru Mama Nkatha, akaniaga kwa mkono wa kulia. Alipoondoka Mama Nkatha aliingia kuchukua vikombe, akasimama mbele ya ile kalenda. "Na Kagendo mlimweka wapi?" Kinoti akamwonyesha juu kushoto, sheria na wema. Mama Nkatha akasema "Mm." Akaibandua, akaikunja, akaenda kuwashia jiko. Hatukucheza tena.

Tulionana mara moja baada ya hapo, sokoni Embu, ana mtungi wa asali begani. "Mwalimu! Taifodi iliisha?" Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyatayarisha miaka, na nikasema imeisha, na habari za nyumbani, na asali ni nzuri, nikanunua, nikaondoka. Ungedhani mtu asiyeweza kusema uongo angeweza kusema samahani.

Alhamisi nilifika mapema. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na cheo. Mhubiri alisema marehemu hakuwa na adui, maneno yanayosemwa kila mazishi, lakini watu waliitikia kwa namna ya kuonyesha wanajua ni kweli. Baada ya kuzika, watu wakipakuliwa chakula, nilitoka kwenda kupumua barabarani, na hapo ndipo nilipoiona migomba. Ilikuwa nje ya ua, upande wa barabara, mstari mrefu uliopaliliwa vizuri. Watoto waliotoka shule walikuwa wanakula wakitembea, na msichana mmoja alikuwa amejaza zake kwenye sketi, anazibeba nyumbani, hana wasiwasi wowote. Nikasimama nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Hiyo alipanda yeye mwenyewe," sauti ikasema nyuma yangu. Ni mjane wake, Wanja, ametoka kukimbia watu kidogo. Nikampa pole. Akaniuliza nilijuana wapi na mumewe, nikasema Meru, zamani, nilikuwa mwalimu. Akageukia migomba. "Ndugu zake walimcheka," akaendelea, "ati unapandia wezi. Unajua wazee wanasema kula si kitu, kubeba ndiyo wizi. Yeye akawaambia, anayekula ana njaa, lakini anayebeba kuna mtu anamngoja njiani." Akanigeukia. "Mimi nilimwuliza mara nyingi, ni nani alikuwa anakungoja wewe. Alikuwa anacheka tu. Ni wewe?"

Nilikuwa na maelezo yote, tangu Meru niliyapanga barabarani, taifodi na mzee na redio na Mugambi na kazi ya kudumu, ukweli wote mzima bila kuacha kitu. Nikasema, "Ndiyo." Lile neno moja.

Hakulia wala hakunifokea. Alikwenda kwenye mgomba wa karibu, akazungusha chana moja ya ndizi mbivu mpaka ikakatika, akarudi akanipa. Mikono yangu haikuinuka. Nikamwambia, "Asante mama, nimeshakula, nimeshiba."

"Sijasema ule," akasema Wanja. "Beba."

Nikabeba, mbele ya watu wote, mpaka kwenye gari.